Saratani ya Koo: Tuiwahi Kabla Haijatuwahi

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha yao. Taifa zima lilishtuka, na halikukaa kimya. Viongozi walifika, askari walifukua vifusi usiku na mchana, waganga walitibu majeruhi, na wananchi wa mikoa mbalimbali walichanga chakula, mablanketi na fedha. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa katika nchi ambayo watu wake huitana ndugu.

Lipo janga jingine katika wilaya za Hanang na Mbulu ambalo haliji kwa kishindo. Humkamata mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, tena polepole, na majirani wakija kutambua, mgonjwa amekwisha kuwa mifupa mitupu. Hakuna lori linalotumwa kwa ajili yake, wala redio haitaji jina lake. Janga hilo ni saratani ya koo la chakula, yaani umio, ile njia ya urefu wa sentimita 25 hivi inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Maradhi haya si ya Mbulu na Hanang peke yake. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu zaidi ya 500,000 duniani waligundulika kuwa nayo katika mwaka huo mmoja, na waliokufa kwayo walizidi 440,000. Hesabu hizo mbili zinakaribiana mno, na ukaribu huo ndio unaoonyesha ukali wake. Lakini maradhi haya hayakusambaa kwa usawa. Upo ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda na nchi yetu, ukateremka Malawi hadi Afrika Kusini, ambamo saratani hii imeota mizizi. Bonde la Ufa ni sehemu ya ukanda huo, na Mbulu na Hanang zimekaa juu ya kingo zake. Zaidi ya hayo, katika Afrika Mashariki si ajabu kumkuta mgonjwa ambaye hajatimiza hata miaka 40, mwenye watoto shuleni na shamba linalomtegemea.

Tuchukue mfano wa mkulima wa kando ya Dongobesh, au mfugaji wa upande wa Basotu. Kwanza tonge la ugali humkwama. Hunywa maji, likashuka, naye husahau. Baada ya wiki chache nyama humshinda, kisha kande, kisha wali. Hununua dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Wapo watakaomwambia kwamba amelogwa, naye atauza mbuzi ili amlipe mganga. Akiisha kufikia hali ya kunywa uji tu, ndipo jamaa hukusanya nauli. Anapofika hospitalini, daktari huona uvimbe ulioziba njia karibu yote, na mara nyingi mbegu zake zimekwisha kufika katika matezi, ini au mapafu. Katika hatua hiyo, linalowezekana kwa wagonjwa walio wengi ni kuingiza kitundu cha wavu wa chuma kinachotanua njia ili mtu aweze kumeza tena katika muda uliobaki. Hiyo ni huduma ya utu, na wanaoifanya wanastahili heshima. Hata hivyo si tiba ya kuponya.

Jambo ambalo wananchi wengi, na hata watumishi wengi wa umma, hawajaambiwa ni kwamba saratani hii inaponyeka. Tena inaponyeka bila kupasuliwa kifua, mradi ikamatwe ingali change. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, na kueleza pia wajibu unaotokana nalo.

Chombo kinachohusika huitwa endoskopu, nayo kazi yake huitwa endoskopia. Ni mpira mwembamba, unene wake ni kama kidole, urefu wake ni kama mita moja, wenye taa na kamera kwenye ncha yake. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza, mpira hupitishwa kinywani, na daktari hutazama katika kioo kila mahali unapopita. Aliyefungua njia ya chombo hiki cha kisasa ni mwana wa bara hili, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1957 akiwa Michigan, Marekani, alitengeneza na wenzake mpira unaopinda uliopitisha picha kwa nyuzi za kioo. Mwaka 1969 madaktari William Wolff na Hiromi Shinya wa New York walianza kuondoa vinyama vya utumbo mpana kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira huo. Kuanzia miaka ya 1980 madaktari wa Japani waliendeleza ufundi huo hadi kuweza kubandua utando wenye saratani katika tumbo na koo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Daktari hupulizia kooni myeyusho wa ayodini, yaani yale madini joto ambayo walimu wetu wamewafundisha watoto kuyatafuta katika chumvi. Utando mzima hugeuka rangi ya kahawia. Mahali palipoharibika hukataa rangi, pakabaki pameparara. Baada ya kupatambua, huchoma sindano ndogo na kuingiza maji ya dawa chini ya utando, nao huinuka kama lengelenge na kutengana na msuli ulio chini. Kisha hufanya moja ya mambo mawili: huunasa utando huo kwa kitanzi cha waya na kuukata kwa umeme, au huuzunguka kwa kisu kidogo cha umeme na kuubandua kipande kizima. Kipande hicho hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, aangalie kama kingo zake ni safi na kama saratani haikupenya chini zaidi. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache, kifua chao hakikupasuliwa, koo lao ni lile lile.

Hatusemi kwamba ufundi huu hauna hatari. Damu inaweza kutoka, koo linaweza kutoboka, na kovu kubwa linaweza kuibana njia ya chakula. Ndiyo maana hautakiwi kufanywa na mikono isiyozoea. Lakini kwa mgonjwa ambaye saratani yake haijavuka utando wa ndani, matokeo yake ni mema sana, na walio wengi huponywa kabisa. Ikiisha kuvuka utando na kuzama chini, mlango huo hufungwa, na hubaki upasuaji mkubwa, mionzi na dawa kali.

Hapa ndipo ugumu wa jambo ulipo, na ni lazima tuuseme waziwazi. Saratani inayoweza kubanduliwa kwa njia hii mara nyingi haiumi wala haizuii chakula. Mwenye nayo analima, anachunga, anafundisha, hana habari. Tukingoja mpaka mtu alalamike kwamba hawezi kumeza, kwa kawaida tumekwisha kuchelewa. Kwa hiyo haitoshi hospitali kukaa ikingoja wagonjwa. Hospitali haina budi kuwaendea watu wangali wazima.

Je, inawezekana kwa nchi zetu? Jirani zetu wametuonyesha. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, ambako ardhi na maisha ya watu hayatofautiani sana na ya Mbulu, madaktari waliwaalika wanavijiji wasio na dalili yoyote wapimwe koo kwa endoskopia na ayodini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kati ya watu 305 waliopimwa, asilimia 14.4, yaani karibu mtu mmoja kati ya saba, walikuwa na utando ulioanza kugeuka. Hiyo si kusema kwamba wote wangeugua saratani, maana mabadiliko mengi madogo hutulia au hukaa hivyo kwa miaka. Ni kusema kwamba moto unaofuka chini ya majivu unaweza kuonekana, na kuzimwa, kabla haujawaka.

Huko China wamekwenda mbali zaidi. Katika vijiji vya wilaya ya Cixian, ambako saratani hii ni tishio la miaka mingi, wananchi wenye umri wa miaka 40 hadi 69 walipimwa mara moja tu, na waliokutwa na mabadiliko wakatibiwa. Baada ya miaka 10, vifo vya saratani ya koo vilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja vikilinganishwa na vijiji ambavyo havikupimwa. Hao nao ni wakulima. Walichokuwa nacho ni mpango, na watu wa kuutekeleza.

Sisi hatuanzi kutoka sifuri. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Bugando mjini Mwanza na KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, zina wataalamu wa endoskopia. Taasisi ya Saratani Ocean Road ni kimbilio la wagonjwa wa nchi nzima. Na katika wilaya ya Mbulu yenyewe ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo kwa miaka zaidi ya 60 imewatibu watu wa Mbulu, Hanang na mikoa jirani. Lakini kutoka Haydom hadi Arusha ni karibu kilomita 300, na Moshi iko mbele zaidi. Mfugaji asiye na maumivu yoyote hatauza ng'ombe ili asafiri siku mbili akaangaliwe koo ambalo yeye analiona zima. Nani angemlaumu?

Kwa hiyo sisi tunasema: upimaji uwafuate wananchi waliko. Tunapendekeza kwamba Wizara ya Afya, Mkoa wa Manyara, halmashauri za Mbulu na Hanang pamoja na hospitali za wilaya hizo zianzishe upimaji wa majaribio katika vijiji vichache, kwa watu wazima watakaokubali kwa hiari yao. Watakaokutwa na dalili za mwanzo watibiwe kwa kubanduliwa utando, ama hapo hapo wataalamu wakiwapo, ama katika hospitali ya rufaa kwa nauli iliyokwisha kupangwa. Hesabu zitunzwe. Baada ya miaka michache taifa litajua kwa ushahidi kama mpango huo unafaa kuenezwa.

Tunaonya pia juu ya kosa lililozoeleka. Kununua mashine ni jambo jepesi kuliko yote. Mashine hupokelewa kwa hotuba na picha, na baada ya muda inaweza kukutwa imefunikwa kitambaa kwa sababu taa imeungua au aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Endoskopia inadai daktari na muuguzi waliofunzwa na wakaachwa wakae mahali pao pa kazi. Inadai maji safi na dawa za kuusafisha mpira baada ya kila mgonjwa, ili usipeleke ugonjwa wa mmoja kwa mwingine. Inadai umeme usiokatika katikati ya kazi, fundi wa kutengeneza, na mtaalamu wa patholojia wa kusoma vipande bila kuvingojea miezi. Afisa mipango anayeandika bei ya mashine peke yake katika bajeti hajaandika hata nusu ya gharama.

Wapo watakaouliza: katika wilaya ambazo akina mama bado hutembea mwendo mrefu kufuata kliniki, kwa nini tuzungumzie mipira yenye kamera? Swali hilo ni la haki nasi tunalijibu. Kwanza, chombo hicho hakitumiki kwa saratani tu. Ndicho kinachoonyesha vidonda vya tumbo, ndicho kinachotumika kuzuia damu inayotoka tumboni, na ndicho kinachofunga mishipa ya koo iliyovimba kwa mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa na kichocho. Pili, kuchelewa hakuokoi fedha. Familia ya mgonjwa aliyechelewa huuza mifugo, hukodi gari, hulala mjini kwa wiki kadhaa, na mwisho hurudi na maiti. Tatu, ni kosa kudhani kwamba huduma ya kisasa ni haki ya mtu wa mjini na kwamba mtu wa kijijini anatosheka na panadoli. Nchi hii ilipotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, haikusema vita hiyo iishie pale lami inapoishia.

Pamoja na tiba, iko kinga. Wataalamu hawajapata sababu moja ya saratani hii, lakini yako mambo yanayoelekezewa kidole. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda husababisha saratani ya koo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti waliopima chai ya wananchi wa Kilimanjaro waliona kwamba kwa wastani huanza kunywewa ikiwa na nyuzi joto 70.6. Anayeijua baridi ya asubuhi ya Mbulu hatahitaji kuambiwa jinsi chai na uji vinavyonywewa huko. Tumbaku, ya kuvuta na hata ya kutafuna, inatajwa. Pombe inatajwa. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha unachunguzwa, kadhalika upungufu wa matunda na mboga katika chakula. Haya yote hayamhukumu mgonjwa. Mtu asiyevuta wala kunywa naye huugua. Lakini kuiacha chai ipoe kidogo hakuna gharama yoyote.

Sasa tunawageukia ninyi, ndugu walimu na watumishi wa umma. Wazee miongoni mwenu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Hawakuongozwa na madaktari bingwa. Waliongozwa na walimu, mabwana afya, maafisa wa maendeleo na wananchi waliojua kusoma. Kazi ya namna hiyo inawezekana tena, na katika Mbulu na Hanang inahitajika.

Mwalimu hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa aseme mambo matatu kwa lugha ambayo mzazi ataielewa: kwamba chakula kukwama kooni kwa zaidi ya wiki mbili si jambo la kupuuza; kwamba ugonjwa huo una jina na si uchawi; na kwamba kupimwa kwa mpira hakumkati mtu wala hakumuui. Mganga wa zahanati anatakiwa ajiulize, kila anapotoa dawa ya vidonda vya tumbo kwa mara ya pili kwa mgonjwa yule yule, kwa nini asiandike rufaa. Afisa mtendaji wa kijiji anatakiwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano, kama anavyoweka michango na mipaka ya malisho. Na wale wanaofanya kazi kati ya wafugaji wanaohamahama wakumbuke kwamba mfugaji hatafika kwenye mkutano wa ofisini. Afuatwe mnadani na kisimani.

Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Sheria hiyo itapimwa kwa maisha ya watu kama hawa. Bima inayomlipia mgonjwa siku za mwisho za kitanda lakini isiyolipia kipimo cha mapema ni bima ya kuzika. Tunaiomba Serikali ihakikishe kwamba endoskopia, uchunguzi wa patholojia na kubanduliwa kwa utando ulioharibika vinakuwa haki ya mwananchi wa Mbulu na Hanang kama vilivyo vya mkazi wa Dar es Salaam.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika koo la mwanadamu ufa huo ni kipande cha utando kidogo kuliko senti, na ufundi wa kuuziba upo. Baada ya maporomoko ya Katesh hakuna aliyeuliza kama watu wa Hanang walistahili kufukuliwa. Walifukuliwa. Wale wanaozibwa koo kimyakimya katika tembe na maboma ya wilaya hizi wanastahili vivyo hivyo, nao wanaweza kuokolewa tukianza kuwatafuta mapema.